Kiatu Nilichokichora Penye Mawe

Siku yangu ya kwanza kazini sikuendesha gari hata hatua moja. Nilifika asubuhi katika uwanja wa magari wa hoteli moja ya Diani, nimevaa buibui jipya na leseni mkononi, nikidhani nitapewa funguo. Mkuu wa Usafiri, mzee mfupi asiyepandisha sauti, aliitikia shikamoo yangu, akafungua boneti ya gari kuukuu, akaliwasha.

"Lina nini?" akaniuliza.

"Mimi sikuja kuwa fundi, mzee. Nimekuja kuendesha."

"Nimekuuliza lina nini."

Nikasikiliza. Nikamwambia mkanda wa feni umelegea, maana ulikuwa ukilia kama mlango uliokosa mafuta. Hakunisifu. Alizima gari, akasema, "Dereva ni masikio kwanza. Siku ukikwama na hujui la kufanya, zima injini usikilize." Nikasema moyoni, huyu mzee ana mambo! Nilikuwa mwanamke pekee kati ya madereva wote, na siku ile niliosha magari sita nikarudi kwetu Mwabungo nimenuna.

Uwanja wetu ulikuwa na desturi tuliyoiita kuchora kiatu. Mgeni akitaka kushuka atembee porini, dereva alimwomba kwanza akanyage mchanga kando ya gurudumu la nyuma. Kisha dereva aliuchora unyayo ule daftarini: mistari ya soli, kisigino, upande uliolika. Mgeni akikawia, unaufuata unyayo wake hata kama wamepita watu kumi. Wageni wengine walidhani twawafanyia uganga.

Kwangu mimi kazi hiyo haikuwa ngumu. Sisi watoto wa pwani tumekulia mchangani. Nilikuwa nikimjua aliyepita uani kwetu kabla mama hajaniambia. Nilihamishiwa tawi la hoteli yetu kule Msambweni, kisha nikarudishwa Diani nikapewa safari za Kwale, kuwapeleka watu Milima ya Shimba, na kwa daftari lile nilipata wageni watatu waliopotea. Madereva walioniita "shangazi wa buibui" wakaanza kuniomba niwachoree. Nikavimba kichwa, nisiwafiche. Mazoea yana taabu, lakini hilo mtu haambiwi akasikia.

Basi akaja Mwalimu Wanjiru. Alikuwa mama wa bara aliyestaafu ualimu, mwembamba, mkavu wa maneno, amekuja hotelini peke yake. Alitaka kuiona nchi ya volkano kule chini ya Milima ya Chyulu, na alitaka kupanda kilima bila mtu.

"Bila mtu kabisa?" nikamwuliza.

"Miaka yote nimetembea na watoto hamsini nyuma yangu. Sitaki mtu aniite mwalimu, mwalimu. Nataka siku moja tu ya kunyamaziwa."

"Haya, mama. Lakini kiatu nitakichora."

Tulipanda kwa Kwale na Kinango, tukatokea mji mdogo wa Mackinnon Road, tukashika barabara kuu ya malori, tukalala Mtito Andei. Asubuhi tukaacha lami, nikatia gia ya chini, tukaingia upande ambako wenyeji hupitisha ng'ombe. Kufika pale nilishusha kioo nikasema, "Subhanallah." Lava, niwaeleze vijana, ni moto wa chini ya ardhi uliotoka kama uji ukapoa ukawa jiwe. Kule imetanda nyeusi mpaka macho yanachoka, imevunjikavunjika kama vigae, nayo yakata. Mbele yake palikuwa na kilima kilichobonyea juu kama kinu. Mwalimu alikitazama akacheka peke yake.

Alikanyaga majivu meusi kando ya gurudumu. Nilichora kiatu chake vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchora, mpaka kokoto iliyonasa kwenye soli. Tukaagana saa tatu. Alibeba chupa moja ya maji, akasema saa sita atakuwa amerudi.

Saa sita ikapita. Saa saba ikafika. Simu haikushika mtandao. Nikachukua daftari langu kwa maringo yangu yote, nikaufuata unyayo. Niliufuata hatua ishirini. Hapo majivu yakaisha yakaanza mawe, na jiwe halishiki unyayo wa mtu. Ala! Mejumaa mimi, bingwa wa kuchora kiatu, nikasimama pale na picha nzuri mkononi isiyonifaa kitu.

Niliogopa, wallahi. Jua lilikuwa la utosi, na mawe yale yalikuwa yakirudisha joto usoni. Mtu mzima na chupa moja ya maji hawezi kukaa humo mpaka jioni. Nikarudi mbio garini nikaanza kupiga honi, injini ikinguruma ili betri isife. Nikapiga, nikaita, nikaingia mawe, nikajikata kiganja, nikarudi nikapiga tena. Saa nzima. Hakujibu mtu. Nikafikiri niende nikatafute msaada; lakini mwendo ulikuwa wa saa moja kwenda tu, na je, akitokea asilikute gari? Nikalia kwa sauti.

Hapo ndipo nikamkumbuka Mkuu wa Usafiri na mkanda wake wa feni. Nikazima injini, tena kwa hasira, kama namkomesha yeye.

Mwanzo masikio yalivuma tu. Kisha nikasikia ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Nilidhani ni ndege, lakini ndege hahesabu. Nikaelekea huko, na kila nilipopoteza sauti nilisimama, nikabana pumzi, mpaka irudi.

Nilimkuta ndani ya ufa wa mwamba, kifundo cha mguu kimevimba, midomo imepasuka. Mikononi alikuwa na mawe mawili ya lava, anayagonga. Mawe yale yakigongwa hulia kama chungu kikavu.

"Mwalimu!" nikamwita.

Sauti ilikuwa imemkauka. "Si nilikuambia," akanong'ona, "sitaki kusikia hilo neno?"

Tukacheka huku tunalia. Nilipomnywesha maji alinieleza kuwa alikuwa akiisikia honi yangu tangu mwanzo, ila kilima kiliirudisha kutoka kila upande. Aliita mpaka sauti ikakatika. "Nikasema nimpigie huyu mama kengele ya shule, tatu tatu, labda akinyamaza atanisikia. Lakini Mejumaa, hukunyamaza!"

Nilimbeba mgongoni kwa vituo, tukafika garini alasiri, nikamkimbiza zahanatini akafungwa mguu. Siku ya pili nilisimama mbele ya Mkuu wa Usafiri nikamwambia yote.

"Kiatu ulichora?"

"Nilichora."

"Injini ulizima baada ya muda gani?"

"Saa nzima, mzee."

Alinitazama. "Saa nzima, Mejumaa," akasema, akarudi kwenye karatasi zake. Hakunifukuza, wala hakunipa barua ya onyo. Afadhali angenitukana. Tangu siku hiyo madereva wapya niliowafundisha mimi walijifunza kwanza kukaa kimya garini, ndipo nikawapa daftari.

Sasa nimestaafu, niko kwetu Mwabungo, na ajabu ya Mungu ni kwamba kilichoanza kuniacha ni masikio. Wajukuu hunipigia kelele kama wanaita ng'ombe. Redio yangu huisikia mtaa mzima. Sioni haya; nimeyatumia, yamechoka.

Mwalimu Wanjiru hunipigia simu kila Ijumaa baada ya sala. Hasemi kitu kwanza, kwa kuwa anajua maneno hunipita. Hugonga meza: ko, ko, ko. Mimi nafunga redio, nawanyamazisha watoto, nabana simu sikioni.

"Mejumaa," huniuliza, "umezima injini?"

"Nimezima, mwalimu. Nakusikia."