Sikusema Paukwa

Niliporudi kutoka Kisaki, nilikokwenda kubeba mizigo ya Wadachi, nilitamani kusikilizwa kuliko kula. Jioni, kwenye baraza la kahawa pale Morogoro, nikatunga kisa cha mpagazi mwenzangu niliyemzika porini kwa mikono yangu. Kwa kawaida msimuliaji huanza na "Paukwa", watu wakaitikia "Pakawa", kila mtu akajua hadithi ni ya kutunga. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaliruka neno hilo ili inoge. Tena nikampa marehemu jina la kweli: Mkude, kijana wa milimani aliyebaki nyuma njiani, mzima kabisa.

Maneno yakapanda mlima. Kesho yake nikaitwa kwa mama yake Mkude. Nilimkuta ameshanyolewa nywele, wanawake wanalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu ulimlaza vizuri?"

Badala ya kukiri, nikajibu, "Vizuri, mama." Akaishika mikono yangu, akaibusu.

Mama akiwa bado kaishika, Mkude akaingia na mzigo wake, akauliza nani kafa.

Mama hakupiga vigelegele. Aliniachia mikono, akapapasa kichwa chake kitupu, akanitazama.

"Paukwa," akasema.

Watu wote wa matanga wakanigeukia. Nikainama.

"Pakawa."