Daftari la Kumi na Mbili

Nilipofika pale ziwani Bredäng, huku Sweden, mahali watu wanapochomea nyama wakati wa kiangazi, kaka yangu alikuwa ameshika kijiti anachokoachokoa majivu. Amevaa kanzu yake ya Ijumaa, uso bado una maji ya udhu, midomo inacheza dua. Pembeni yake boksi la ndizi, tupu.

"Kaka, madaftari yako wapi?"

Akanionyesha majivu kwa kile kijiti. "Nimeyastiri, dada. Hakuna hata ukurasa mmoja uliokanyagwa. Sasa nachimba nifukie."

Jalada moja la kijani lilikuwa halijaisha, limejikunja kama sikio. Nikaliopoa kwa mkono. Kovu ninalo mpaka leo, kwenye kidole cha shahada.

Kaka alidhani anachoma maneno ya dini yasije yakadhalilika. Alikuwa anachoma filamu.

Mwenye madaftari alikuwa mzee wa Kimisri, akikaa peke yake ghorofa ya tatu huko Vällingby. Mimi nilikuwa nafanya hemtjänst, ndivyo wanavyoiita hapa kazi ya kuzunguka majumbani kuwahudumia wazee. Siku ya kwanza alipofungua mlango nilirudi nyuma hatua nzima. Nilimjua. Utotoni Tanga mama alikuwa akinipeleka sinema, onyesho la wanawake la Jumapili mchana, na sura ile ikitokea tu kwenye pazia, nyusi zimeungana, jicho moja dogo kuliko lenzake, ukumbi mzima unazomea. Ndiye aliyekuwa akimnyang'anya mjane shamba. Ndiye aliyekuwa akificha barua za wachumba.

Nikamwambia kwa Kiswidi changu cha kuokoteza, "Baba, mimi niliwahi kukutupia ganda la chungwa."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Lilinipata wapi?"

"Puani."

"Basi siku hiyo nilifanya kazi vizuri."

Habari zake nilizipata kwake mwenyewe, vipande vipande, huku nampikia uji au namfunga vifungo vya shati. Alikuwa karani wa stesheni. Mtu wa filamu akashuka kwenye treni, akaiona sura ile, akaondoka naye kwenda Kairo. Tangu hapo akawa mwovu wa mshahara. Baadaye akaona maneno anayopewa kusema ni ya kipuuzi, akaanza kuyarekebisha, ya kwake kwanza, halafu ya wenzake, mwisho akawa anaandika hadithi nzima za filamu. Wao wanaichukua hadithi, yule mwema wanampa kijana mwenye sura ya kupendeza, yeye wanamrudishia kisu chake.

"Watu wema wote niliwaandika mimi," aliniambia, "wakavaliwa na wengine."

Ndiyo maana akajiandikia moja ya kwake. Madaftari kumi na mawili, kwa penseli. Karani wa stesheni mwenye sura mbaya anashukiwa kuiba mkufu wa bibi harusi. Karani anamjua mwizi, lakini anamsitiri, na mji mzima unamtemea mate yeye. Karani huyo angekuwa yeye mzee, kwa uso wake uleule, na kwa mara ya kwanza watu wangeona aibu kumzomea. Hakuna aliyeitaka. Akaja nayo Sweden mwanawe alipomleta, kisha macho yakafa.

"Unasoma Kiarabu?" aliniuliza siku moja.

"Nasoma, baba. Sielewi."

Ndivyo tulivyo wengi wetu. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini chuoni nilihitimu Kurani yote. Nisichojua ni maana. Na maandishi ya mzee hayakuwa na irabu. Mimi nimezoea msahafu, kila herufi imevaa nguo zake. Hizi zake zilikuwa uchi, sijui hii niikunjue juu au niivute chini. Nikawa nabahatisha, na yeye, ambaye nusu ya mambo ameshayasahau, akisikia tu mwanzo wa sentensi anaikamata.

"Hapo umeniozesha punda, binti. Rudia."

Narudia. Kisha ananieleza maana kwa Kiswidi chake, kibovu kama changu. Nusu saa kila ziara, badala ya kupiga deki. Hivyo tukamaliza madaftari kumi na moja. La kumi na moja linaisha karani yupo stesheni na sanduku lake, treni imefika, ameinua mguu mmoja. Anaondoka na siri yake au anageuka kwenda kusema? Mzee mwenyewe hakuwa na uhakika tena. Aliuandika mwisho mara tatu, akaufuta mara mbili, na hakukumbuka ni upi aliouacha. "Tukifika utanisomea," alisema. "Nataka kujua nilimtendeaje."

Hatukufika. Bosi wangu wa kazi aligundua vumbi chini ya kitanda cha mzee, akaniita ofisini, akaniambia mimi nalipwa kusafisha, si kusoma. Wiki iliyofuata nikahamishiwa mtaa mwingine. Katika lawama hii yeye ni wa kwanza, na anajijua.

Kisha mzee akaanguka, akavunjika nyonga. Mwanawe akampeleka kwenye nyumba ya wazee Jakobsberg, akanipigia simu: nyumba inarudishwa Ijumaa, ukitaka kitu chukua, vingine vinatupwa. Nikauliza, na madaftari? "Hayo makaratasi?" akasema. "Yamekuwa kabatini miaka yote. Chukua tu."

Kaka ana gari la kubebea mizigo. Nikamwomba aliweke lile boksi kwenye stoo yake.

Hapa lazima niseme langu, ingawa linaniuma kuliko kidole. Kaka hakupenda mimi kukaa nusu saa chumbani na mwanamume asiye ndugu yangu. Nilimwambia namsomea mzee maandishi ya Kiarabu. Akasikia dini, akaridhika. Mimi nikaiacha ikae hivyohivyo. Ningemwambia kwamba nasoma habari za harusi na mkufu ulioibwa, ningeusikia mdomo wake mpaka leo.

Nilijiambia Jumapili nitalichukua la kumi na mbili nimpelekee. Jumapili nne zikapita, kila moja na zamu yake. Bomba likavuja stoo, boksi likalowa. Kaka akanipigia nikiwa namwogesha bibi mmoja, simu nimeibana begani.

"Haya madaftari ya mzee yameota ukungu. Ni maandishi gani hasa?"

Na mimi, kwa haraka yangu, nikasema, "Ni mazito hayo, kaka. Yaheshimu."

Akayaheshimu. Wifi ndiye aliyenipigia baadaye: "Kaka yako kabeba boksi na kiberiti, kaenda ziwani." Nilikimbia kutoka stesheni ya treni na viatu vya kazi.

Kaka yangu anafundisha watoto chuoni miaka kumi na tano. Miaka kumi na tano, na hakuweza kutofautisha dua na maneno ya bibi harusi! Nilimwambia hivyo palepale. Akaangalia chini. "Mbona hukuniambia, dada?" Nikamtukana.

Nilikwenda Jakobsberg kesho yake. Mzee alikuwa amekuwa mdogo kitandani. "Umekuja nalo?" Nikasema nimekuja nalo. Nikafungua daftari la mwanangu la hesabu, nikapekua kurasa zipige kelele. Kiarabu ninachokijua kwa moyo ni kimoja tu. Nikaanza kusoma sura ya Yusuf, polepole, bila madaha ya kisomo, kama mtu anayesoma hadithi.

Aliniacha nikaenda aya nne, tano. Kisha akaupapasa mkono wangu akakutana na bandeji.

"Hayo si yangu, binti," akasema. "Mimi sijawahi kuandika vizuri namna hiyo. Lakini endelea."

Hakuuliza la kumi na mbili liko wapi. Nikaendelea. Alifariki siku kumi baadaye.

Mazikoni mwanawe alisimama akasema baba yake alikuwa msanii mkubwa. Watu wakaitikia. Nikatazama mikono yake: misafi, haina kovu.

Sasa nakuuliza wewe, mwanawe. Bosi wangu hasomi Kiarabu. Kaka anasoma haelewi, na mimi pia. Wewe ulizaliwa nacho mdomoni, unakisoma chenye irabu na kisicho na irabu. Madaftari yalikaa kabatini kwa baba yako miaka yote hiyo, ukija Jumamosi kumletea mkate, kabati liko nyuma ya mgongo wako. Ulilifungua hata mara moja? Kama ulilifungua, njoo uniambie: yule karani alipanda treni au aligeuka? Na kama hukulifungua, njoo uliseme hilo, mbele ya walewale uliowaambia habari za msanii mkubwa. Namba yangu ya simu unayo.