Asali Iliyotoka Mbumbuni

Baba yangu alikuwa na mizinga kumi na moja ya magogo, ameitundika mitini huku na huku, na kwa desturi ya kwetu mwanamke hakupanda mti wenye mzinga. Jambo hilo liliniudhi sana. Kaka zangu walipanda, wakaumwa, wakarudi nyuso zimevimba hadi macho hayaonekani, na bado niliwaonea wivu. Baba aliona nilivyonuna. Mti hakuweza kunipa, kwa hiyo alianza kunionjesha asali nikiwa nimefumba macho.

"Mwaitu," alikuwa akiniuliza, "hii ni ya ua gani?" Mwaitu kwa Kikamba ni mama, na aliniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Tulikaa kusini mwa Kitui, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu hadi Mutomo. Mgeni akipita kule mwezi wa tisa ataapa kwamba hakuna ua hata moja, na kumbe huo ndio wakati wa muthiia. Muthiia ni mgunga mfupi wenye miba iliyopinda, inayokushika nguo mpaka uombe msamaha. Kabla mvua haijanyesha, ukiwa hauna hata jani, hujifunika maua meupe, na kichaka kizima huvuma nyuki. Asali yake ni nyepesi kwa rangi na haikwaruzi koo. Mvua ikinyesha hufuata muuku, mti ambao maua yake yananuka vibaya lakini nyuki hawajali, kisha kunde na mbaazi shambani. Ukame ukizidi, nyuki hukimbilia ule mti wa utomvu mweupe usio na majani, na asali ya hapo huchoma koo kuliko pilipili. Baba alinionjesha hiyo bila kunionya, akacheka mpaka akakaa chini. Sikumsemesha siku mbili.

Alikuwa mzee wa kanisa, ameokoka, na hakuwauzia asali wapika pombe hata wangempa nini. Uongo aliuchukia zaidi ya pombe. Na asali ya posa hakuifanyia mchezo: sharti itoke kwenye mizinga ya kwao kijana. Kwetu watu waliamini kwamba nyuki huhama boma lenye ugomvi, kwa hiyo aliyeleta asali ya kununua alikuwa anakiri kwamba kwao nyuki wamekimbia, na boma kama hilo halipelekewi binti. Dada yangu mkubwa aliposwa na watu walioleta asali iliyochanganywa na sukari guru. Baba alionja, akafunika chombo, akawaambia wanywe chai kwanza kabla ya kuanza safari ya kurudi kwao. Dada aliolewa baadaye na mtu mwingine, akanenepa vizuri, lakini mwaka ule alilia hadi tukachoka naye.

Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Mbumbuni, upande wa Makueni, ila kwao kulikuwa Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui. Tulijuana kwenye mkutano wa vijana wa kanisa. Nilimpenda kwa sababu nilipofoka hakufoka, alingoja nimalize. Alikuja kuposa katikati ya miaka ya sabini, shule zilipofungwa mwezi wa kumi na mbili. Mvua ilikuwa imekosa mara mbili mfululizo, na muthiia ulikuwa umedondosha matumba yake kabla hayajafunguka.

Asubuhi hiyo, wazee wake wakiwa bado wanapangusa vumbi viatuni, aliniita kando ya tangi la maji.

"Nyuki wetu walihama wote," akasema. "Mizinga ni mitupu. Hii asali nimenunua Mbumbuni."

"Na utasema imetoka wapi?"

"Wazee washasema ni ya kwetu. Walianza kusema tangu huko kwa barabara."

"Wewe, mwalimu mzima! Si ungekuja mikono mitupu useme ni ukame?"

"Ningekuja mikono mitupu, baba yako angenifungulia mlango?"

Nilitamani kumpiga na ndoo niliyoshika, na wakati huohuo niliogopa, kwa kuwa nilijua kabisa Baba atakachokionja. Niliwaza jinsi atakavyofunika chombo. Nilimtaka mwanamume yule, na nilikuwa na saa moja hivi ya kuwa naye.

Walikaa sebuleni. Mjomba wake, mtu wa maneno mengi, alisifu asali kabla mtu hajaiuliza. "Hii ni muthiia ya Tseikuru, mzee mwenzangu. Muthiia tupu!" Mimi ndiye niliyeimimina bakulini, na ilikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Baba alichovya kijiko akaiweka mdomoni muda mrefu. Aliangalia viatu vya mchumba wangu, akaangalia dirisha, halafu akameza.

Desturi ni kwamba hapo baba humgeukia binti na kumuuliza mbele ya wote, "Tule?" Akisema ndiyo, ameshakubali kuolewa. Lakini Baba hakuuliza hivyo. Alininyooshea kijiko.

"Mwaitu, onja. Ni ya ua gani?"

Nikaonja. Ilikuwa mbaazi, na nyuma ya mbaazi kulikuwa na maua ya maembe. Ni maua ya mashamba ya milimani, yaliyopata mvua kidogo. Muthiia haukuwemo hata chembe. Mama aliacha kumimina chai, na mchumba wangu akainamisha kichwa. Katika maisha yangu sikuwahi kumdanganya Baba kuhusu asali. Kuitambua asali ndicho kitu kimoja nilichowashinda kaka zangu wote, na yeye ndiye aliyenipa.

"Ni muthiia," nikasema.

Baba alinitazama, hakukunja uso. Kisha akawageukia wageni. "Mmemsikia. Karibuni, tule." Akaomba sala fupi, akala kijiko kilichojaa mbele yao.

Wageni walipoondoka, jua likiwa bado juu, nilimfuata Baba kwenye ghala machozi yakinitoka.

"Baba, nisamehe. Ilikuwa mbaazi."

"Na maembe," akasema.

"Sasa kwa nini uliniuliza, na unajua?"

"Kijana nilimwonea huruma. Ukame si kosa la mtu. Ni wewe niliyekuwa sikujui. Nilitaka kuona, ikibidi uchague mbele yangu, utasimama na nani." Alifunga mlango wa ghala. "Umesimama na yeye. Sasa naweza kukuachia uende."

Nilibaki pale nikisubiri anikaripie, maana aliuchukia uongo, na mimi nilikuwa nimemdanganya waziwazi. Laiti angenikaripia, ningejua bado mimi ni wake. Badala yake aliniuliza taratibu, kwa ile sauti ya heshima aliyoitumia kwa wageni, kama kulikuwa na chai iliyobaki.