Kiingereza cha Visigino

Juzi nilishuka Kamina baada ya miaka mingi, treni imechelewa kama ilivyozoea, na kabla sijatafuta pa kulala nikaenda kuutazama uwanja wa shule yetu. Wanafunzi walikuwa darasani wakisoma Kiingereza, migongo imenyooka, sauti za upole. Nilisimama dirishani, nikajikuta napigapiga visigino chini, mpaka mlinzi akaniuliza kama natafuta choo.

Wewe uliyekulia Zaire utanielewa. Mwaka ule tuliambiwa mkubwa mmoja wa Chama angetua kwenye Base, uwanja wa ndege wa jeshi, na shule yetu ikachaguliwa kumchezea animasyo, zile ngoma na nyimbo za kusifu ambazo kila shule ilipaswa kuzijua. Kila mchana, saa za masomo, tulitoka kwenda uwanjani na vitenge vyenye sura ya kiongozi viunoni. Siku ya ndege hakuna aliyeijua. Kila mlio angani ulitufanya tukimbilie mistari yetu. Kumbe ni ndege ya mizigo ya askari, na tunarudi kusubiri katika lile vumbi jekundu, pua zimejaa harufu ya mikate ambayo wake wa askari waliikaanga kando ya lango. Mtihani wa Kiingereza ulikuwa unakaribia, na darasani hapakuwa na mtu.

Kwangu mtihani ule haukuwa jambo dogo. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeanguka. Baba, askari asiyerudia neno, alisema huku akimega bukari, ugali wetu: "Ukianguka tena, njo utaenda Kaniama kwa shangazi yako. Mahindi ya kule haiulizaka Kiingereza." Aliyecheka ni mdogo wangu, maana yeye ndiye angechukua nafasi yangu shuleni.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana mwembamba, mwenye suruali moja na chaki mfukoni. Mchana mmoja alichoka kufundisha mabenchi matupu, akaja uwanjani, akasimama karibu na mpiga ngoma. "Bana, munacheza bure?" akatuuliza. "Leo tutacheza na masomo."

Akachukua vile vitenzi vidogo vinavyotangulia vingine, akakipa kila kimoja hatua yake. "Must" tuliikanyaga kwa miguu yote miwili, kama askari aliyeamriwa. "May" ilikuwa kurudi nyuma kidogo, goti limelegea, kama mtoto anayeomba ruhusa mlangoni kwa watu. "Can" tuliruka. "Should" ilikuwa kisigino kimoja, taratibu, kama shangazi anayekupa shauri huku akijua hutalifuata. Mwalimu alitamka sentensi na kuacha pengo, ngoma ikaita, miguu ikajibu kabla ya vinywa. Watu wa Chama waliopita pale walidhani tumeongeza bidii, wakatupungia mikono.

Tangu siku hiyo miguu yangu ilikataa kutulia. Nilikanyaga nikitwanga sombe, yale majani ya muhogo, nikakanyaga kwenye foleni ya bombani, nikamwagia mgeni kinywaji chake cha mahindi, munkoyo, magotini. Nkambo, mama yake mama, alinivumilia mpaka akashindwa.

"Weye, uko na funza ku miguu?"

"Minyi niko nasoma, Nkambo."

"Unasoma na visigino? Basi tuma visigino ku masomo, weye bakia hapa, unisaidie sombe."

Ndege haikuja. Mtihani ukaja.

Msimamizi aliletwa kutoka shule nyingine, mtu mnene aliyevaa abakosi, lile koti la Chama lisilo na tai, iliyombana shingoni. Karatasi ilijaa sentensi zenye mapengo. Nilisoma ya kwanza, kisigino kikagonga. Mbele yangu kingine kikagonga. Mara darasa zima likawa kama mvua inaanza juu ya bati.

"Hii iko nini chini ya meza?" Msimamizi aliruka kutoka kitini. "Munapeana majibu na miguu?"

"Hapana, sitwayeni!" tukajibu, maana Chama kilitaka kila mtu aitwe hivyo, raia.

"Minyi si mujinga. Miguu yote juu ya benchi! Mutu atashusha, karatasi yake napasula."

Tukakunja miguu juu ya mabenchi kama kuku waliofungwa kwenda sokoni. Nikaitazama ile sentensi ya kwanza na kichwa kikawa kitupu kabisa. Niliyaona mahindi ya Kaniama, safu kwa safu. Sijui nani aliniinua, nilijikuta nimesimama.

"Sitwayeni, hatuko tunaiba. Ni animasyo. Walisema ndege ya mukubwa inaweza kufika saa yoyote."

"Animasyo katikati ya mtihani? Kuja hapa mbele. Onyesha."

Ningecheza hatua za mwalimu, ningekuwa nawapa wenzangu majibu. Kwa hiyo nilicheza ile ya Chama yenyewe, pamoja na wimbo wake, kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Darasa likaitikia. Nawe unajua: wimbo ule ukianza, hakuna aliyethubutu kuukatiza. Msimamizi akatazama dirishani, akatazama mlangoni, akasimama wima, akaanza kupiga makofi. Beti ziliisha, tukazirudia, naye akapiga tu, jasho likimshuka hadi kwenye kola, kwa sababu hakutaka kuwa wa kwanza kuacha.

Tulipomaliza alipangusa uso. "Muzuri. Mukae. Muandike," akasema. Kisha, bila kututazama: "Na mukitaka kujitayarisha kwa ile ndege... mujitayarishe."

Miguu ikashuka.

Nilifaulu, Kaniama sikwenda. Chama kimekufa, na wimbo ule siutamani hata kidogo. Lakini mwalimu wetu, ambaye mshahara wake ulikuwa haufiki, aliondoka kabla ya matokeo kutangazwa. Walisema yuko Bukama, ananunua samaki kwa wavuvi na kuwauza stesheni. Safari hii, nilipokuwa narudi, treni iliposimama Bukama nilishuka na kuuliza kwa wauza samaki, mmoja baada ya mwingine, kama kuna anayemkumbuka mwalimu mwembamba aliyetoka Kamina. Walinionyesha samaki wao, wakanitajia bei. Nilitaka kumwambia kwamba nilifaulu, basi. Treni ikapiga honi, nikapanda.