Mwenye Jicho la Nuksi

Timu yake ikicheza, fundi saa huvaa soksi moja tu, ya kushoto, ile iliyotoboka kidoleni. Wakilikaribia goli la wapinzani, hutoka sebuleni akasimama koridoni, uso ukutani, maana anaamini jicho lake lina nuksi. Miaka thelathini na moja bila kombe, na hajawahi kuona hata bao lao moja! Leo ni fainali, dakika ya mwisho, timu yake imepata penalti. Mikono iliyozoea skrubu ndogo kama chawa imeukumbatia ukuta. Mara nyumba ikalipuka kwa shangwe.

"Babu, tumechukua kombe!" Mjukuu wake akamvuta shati, akashangaa kukuta ndevu zimelowa machozi. "Njoo basi uone marudio ya ile penalti."

"Thubutu!" babu akasema, akizidi kuukumbatia ukuta. "Nikiangalia mimi, atakosa."