Mguu wa Kaka na Sahani ya Mgeni

Lori lile lilijulikana barabara nzima ya Kasenga. Halikusimama kwa breki, lilisimama kwa jiwe: likipunguza mwendo, mtu anaruka chini na kulitegea gurudumu. Watu walilicheka. Mimi pia nililicheka, mpaka siku liliposhuka mteremko karibu na Kasomeno likiwa limejaa samaki, likaigonga gari ndogo iliyombeba kaka yangu na vitambaa vyake.

Kaka alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake, masini aliyoiita, ilikuwa ya kukanyaga. Mguu wa kulia ulivunjika vibaya juu na chini ya goti. Daktari hakutuzungusha: mfupa uwekewe chuma upesi, la sivyo mguu ukatwe. Chuma hicho hakikuwapo Lubumbashi, kilipaswa kuagizwa, na sisi hatukuwa na uwezo huo. Kaka hakumwangalia daktari, aliniangalia mimi.

"Masini banaendeshaka na mikono tu?" akaniuliza.

Nilimwambia anyamaze. Mimi nikiogopa huwa nakuwa mkali.

Basi tukatafuta wakili, avoka kama tunavyosema kwetu. Tulimpata kijana mwembamba mwenye ofisi ya chumba kimoja mjini. Alisikiliza yote, hata habari ya jiwe, kisha akatukazia macho mimi na Baba.

"Ule tajiri mwenye lori atakuya kwenu," alisema. "Musikamate kintu yake. Na zaidi ya yote, musikule naye. Mukikula naye mu sahani moya, afere yenu mu korti imeisha. Avoka yake atasema mulisha kupatana kwa desturi, na juge atamusikia."

Baba alitikisa kichwa taratibu. Nilijua kinachomsumbua. Baba yangu alizaliwa Maniema katika nyumba ambayo mgeni hali peke yake. Mwenyeji hutia mkono kwanza, mgeni ajue chakula ni salama, kisha wanakula pamoja hadi mwisho. Kumwacha mgeni ale huku unamtazama ni kumtukana mbele ya mababu zake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Huyu wetu alikuwa anakuja ili mwenyeji abaki bila mguu.

Alikuja siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, saa ambayo kila nyumba ya Kiislamu inapakua. Nani alimfundisha sijui, lakini alifundishwa vizuri. Suti yake ya abakosti ilikuwa imenyooshwa, nyuma yake mtu akivuta mbuzi, na kando yake alikuwa mzee mmoja wa mtaa wetu, mwenzake Baba katika sala. Huyo ndiye aliyeletwa awe shahidi. Mbuzi Baba alimkataa kwa adabu. Akabaki amefungwa nje, akiyamaliza majani ya mihogo yangu.

Tajiri hakuudhika. Alikaa. Alimpa Baba pole, akaulizia afya, akasifu nyumba, na hakunyanyuka. Harufu ya samaki wangu ilikuwa imejaa uani. Mwisho akajishika tumbo.

"Mzee, njala inanikamata," akasema, huku akicheka.

Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, jiko lilikuwa langu. Ningeweza kusema chakula hakijaiva. Nilimtazama Baba nikimwomba kwa macho aniache niseme hivyo. Akaniambia nipakue. Nilimchukia kwa kitambo kile, nasema ukweli.

Nikaleta bukari, ugali wetu, na samaki katika sahani moja kubwa, nikaleta maji. Nikamwagia tajiri, nikamwagia mzee wa mtaa. Kisha Baba akanyoosha mikono yake. Kaka alikuwa amelala nyuma ya pazia, mlango wazi, akisikia kila tone. Nilimwagia ovyo hata nikamlowesha Baba kanzu. Alinawa. Alisema bismillahi. Mkono wake ukaenda hadi juu ya sahani, nami nikaona mguu wa kaka yangu umekwisha katwa.

Mkono ukasimama pale. Kisha ukarudi, ukakaa juu ya goti lake.

"Kula, mugeni," Baba akasema. "Mu nyumba yangu hakuna muntu anatokaka na njala."

"Na weye, mzee?"

"Kula."

Mzee wa mtaa naye, aliyekuwa ameanza kukata tonge, akaliachia kimyakimya na kufuta vidole. Tajiri alibaki na sahani peke yake. Alisema ana njala, basi ilimlazimu ale. Alikula, sisi tukimtazama, na jasho lilimtoka kana kwamba analima. Alipoondoka, Baba aliingia chumbani na hakutoka hadi alasiri.

Siku ya korti, avoka wa tajiri alisimama na kusema yaleyale tuliyoambiwa: familia ilimpokea mteja wake, ikamwandalia, mambo yakaisha kwa desturi. Akamwita mzee wa mtaa. Mtu yule alikuwa ameletwa kwetu na tajiri, na sikujua alikuwa amekubali kusema nini.

"Sahani ilikuwa moya?" avoka akamuuliza.

"Ilikuwa moya."

Avoka akageuka kukaa, ametosheka. Ndipo juge, yaani hakimu, akainua kichwa.

"Alikula na nani?"

Mzee aliangalia chini, akamwangalia tajiri, akamwangalia Baba, kisha akajibu kwa heshima.

"Alikula yeye peke, sitwayen juge. Baba ya nyumba alinawa, lakini hakukula. Na miye sikuweza kukula."

Minong'ono ikapita ukumbini. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa maneno yale. Juge akamgeukia Baba, na sauti yake haikuwa tena ya korti.

"Mzee, ulisha kuacha mugeni akule peke yake mbele ya ile siku?"

Baba alivua kofia yake, akafunika nayo uso, mtu mzima mbele ya watu wote.

"Hapana," alisema. "Ile siku tu. Na haya yake ingali inanila."

Nyuma yangu nikasikia mtu akilia kwa sauti. Ni kaka, aliyebebwa hadi pale kwenye kiti, ambaye hakulia hata siku walipomtoa chini ya mabati ya gari.

Juge alisema hapakuwa na mapatano, akaamua tajiri agharamie chuma na matibabu yote, na wakili wetu hakumpa tajiri nafasi ya kupumua hadi chuma kilipofika. Mguu ulipona. Umepinda, lakini ni wake.