Ng'ombe wa Baba Kandida Huko Angani

Ukimuuliza Baba Kandida ana ng'ombe wangapi, hakutajii idadi. Anakutajia watu. "Yupo mmoja kwa Theophil, Bonga. Yupo mwingine kwa yule mjane wa Nakwa." Ukienda zizini kwake, Sigino, unamkuta ndama mmoja amesimama kama mlinzi ambaye kampuni yake ilishafungwa na hakuna aliyemwambia. Ndivyo walivyozoea kwao, juu kule Mbulu: una ng'ombe, mwenzako hana, unampa akae naye. Maziwa anywe yeye, samadi aweke shambani kwake, ndama akizaliwa ni wako. Hakuna kuandikishana wala shahidi. Mimi hata simu yangu simwachii mtu nikienda chooni, kwa hiyo utaratibu huu ulinichukua muda kuuelewa, na bado sijamaliza.

Jina lake la ubatizo ni Wolfgang, ila anayelitumia ni padri tu. Ni mkulima wa mahindi, mbaazi na alizeti, na alizeti ndiyo iliyomleta kwangu. Banda la gemu la Mama Sele, ninalolisimamia tangu diploma yangu ikatike njiani kama barabara ya ahadi za kampeni, limepakana na mashine ya kukamua mafuta. Wakulima wanasubiri zamu pale hadi jua linawachoma. Siku hiyo Baba Kandida alikimbilia kivuli kwetu, akavua kofia, akampa mkono kila aliyekuwemo, hata vijana wa bodaboda waliokuwa katikati ya penalti. Mmoja aliachia pedi ya gemu ili aitikie salamu vizuri, akafungwa. Hadi leo hajamsamehe.

Kiti kilichokuwa wazi ni cha mashine ya kona. Ile mashine Mama Sele aliinunua imeshatumika, mfuniko umegoma kufunguka, na ndani kuna diski ambayo hakuna anayejua jina lake. Maandishi yake ni ya Kijapani, au Kichina. Picha zake ni za zamani hasa: mtu ni maboksi matatu, kilima ni pembetatu, jua ni boksi lililokasirika. Unaanza kwa kurusha chombo angani unapiga risasi, sawa, tunaelewana. Unatua kwenye sayari, ghafla unalima. Unamaliza kulima, mtu wa maboksi anakuletea karata. Ukimshinda karata unapelekwa kwenye kitu kama mahakama, au harusi, maana wote wamesimama na mmoja analia. Wateja walikuwa wananirudishia pedi. "Luqmani, hii gemu ina malaria."

Baba Kandida hakuirudisha. Alilima, akavuna, akacheza karata, akahudhuria ile mahakama hadi mwisho kwa heshima zote. Mwishowe akapewa kitu cha maboksi manne chenye taa juu.

"Ng'ombe," akasema.

"Baba Kandida, hilo ni friji."

"Friji linatembea?"

"Huko ni angani, huwezi kujua."

"Wewe umesoma, si ndiyo?"

"Nusu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyepata majibu aliyoyatarajia.

Basi friji, ambalo mimi naliita friji na yeye anamwita ng'ombe, likawa linamfuata kila sayari. Halafu siku moja, kwenye sayari ya rangi ya machungwa, akamkuta mtu wa maboksi ameketi peke yake nje ya nyumba. Hana shamba, hana chombo. Mteja wa kawaida angempita, au angemtandika risasi aone kitadondoka nini. Baba Kandida akamsogezea ng'ombe. Akabonyeza kitufe cha kuinama, yule naye akainama, kisha akaondoka na friji hadi nyuma ya kilima. King'ora kikalia. Alama nyekundu ikawaka juu ya kioo, na kuanzia hapo chombo kikagoma kuruka.

"Mzee, umetapeliwa na kompyuta," nikamwambia.

"Nimempa akae naye."

"Na atamrudisha lini?"

"Akizaa."

Alianza kuja hata akiwa hana alizeti. Anakaa mbele ya kona, anatazama kilima. Sisi wengine tunacheza mpira, yeye anatazama pembetatu. Vijana wa bodaboda hawakumwacha apumue.

"Baba Kandida, friji limezaa?"

"Bado."

"Limechelewa. Tukuitie fundi wa gesi?"

"Mwiteni. Na awatazame na ninyi vichwa."

Siku moja mkewe, Mama Kandida, alifuatilia mumewe anapotelea wapi. Nadhani alitarajia baa, maana aliingia amekunja kanga kiunoni tayari kwa kazi. Akakuta kilima.

"Baba Kandida, unafanya nini hapa?"

"Namsubiri ng'ombe."

Akanigeukia mimi. "Mwanangu, huyu ni mzima?"

"Shikamoo mama. Hata mimi nilitaka kukuuliza."

Akakaa, akaelezwa habari yote, na cha ajabu hakucheka. Akauliza kwa sauti ya kikao cha ukoo: "Ulimpa nani?"

"Mtu mmoja pale."

"Jina lake?"

"Sijalijua."

"Ulimpa ng'ombe mtu usiyejua hata ukoo wake? Huyo harudi."

Mzee akaipapasa kofia yake magotini. "Tangu nianze kutoa ng'ombe," akasema, "hakuna aliyewahi kunilia ndama. Huyu atakuwa wa kwanza?"

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa rasmi. Nilidhani anacheza. Kumbe mle ndani amempa mtu neno lake, na anataka kujua kama ulimwengu bado unalitunza. Sasa mtu kama huyo unamwambiaje kwamba ni maboksi?

Mama Sele alipata namna ya kumwambia. Alisema biashara haiendeshwi na kilima, akamwita fundi Abdulsalam aje Jumamosi avunje mfuniko, diski itoke, uingie mpira. Baba Kandida alipopata habari alikuja Jumamosi hiyo asubuhi amevaa koti la kanisani.

"Nisamehe, baba," Mama Sele akamwambia. "Ni riziki."

"Nyumba ni yako, mama. Naomba nikae tu hadi gunia langu likamuliwe hapo jirani."

Abdulsalam akakaa kwenye ndoo, bisibisi mkononi. Gunia lilikuwa linaelekea mwisho, mashine ya jirani imeanza kupunguza kelele, pale nyuma ya kilima kilipotokea kitu. Boksi jekundu. King'ora kikalia.

"Adui!" nikapiga kelele. "Mzee, kitufe cha duara! Piga!"

"Piga, atakumaliza!" bodaboda wote wakasimama. Ukiuawa mle unarudishwa mwanzo kabisa, kwenye kulima.

Baba Kandida akasogea hadi pua ikakaribia kioo. "Simwoni sawasawa."

"Hata sisi hatumwoni! Piga!"

"Mtu anakuja kwako, unampiga halafu ndiyo unamtazama?"

Akabonyeza kuinama.

Boksi jekundu likasimama. Likapinda katikati. Lilikuwa linainama au linavunjika, sijui. Nyuma yake likatokea friji. Na nyuma ya friji, kiboksi kidogo chenye taa ndogo, kinayumba, kinabaki nyuma, kinakimbia kidogo kuwafikia wenzake.

"Friji dogo!" akasema mmoja.

"Bomu hilo," akasema mwingine.

Mimi nilisema gemu imeharibika. Baba Kandida hakutusikia. Alikisukuma kile kidogo hadi chomboni, na kile kikubwa akakirudisha kwa yule mtu, lile boksi jekundu. Kioo kikawa cheupe, muziki wa harusi ukapigwa, maandishi yakamwagika, na namba fulani pembeni ya kioo ikashuka hadi sifuri.

"Tumeshinda au tumefungwa?" Mama Sele akauliza.



"Mbona mkubwa umemwachia?" nikauliza.

"Maziwa si bado yapo? Na sasa namjua." Akasimama, akavaa kofia, akampa fundi mkono. "Fungua sasa, mwanangu."

Abdulsalam hakusogea. "Samahani mzee. Lile dogo ni dume au jike?"

"Picha zenu mbaya. Sikuona."

Mfuniko ulifunguka, na mashine ya kona sasa ni ya mpira kama zingine. Juzi alikuja na alizeti, akasalimia wote kwa mkono, akaketi kwenye kiti chake kilekile akautazama uwanja wa mpira kwenye kioo, kijani kutoka pembe hadi pembe.

"Luqmani," akasema, "huyu mwenye majani yote haya na hana hata ng'ombe mmoja, anakaa upande gani?"

Nikampa pedi akamtafute.